Visanduku Arobaini na Kimoja

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mjukuu wangu Leah aliponiambia kazi yake Dubai ni kupanga ujumbe wa pesa ili mashine iweze kuutafuta, nilimwambia, mama, nieleze kama unamweleza mbuzi.

Akacheka. Akasema, "Babu, si ulikuwa hamali soko la Al Ras?"

Nilikuwa. Miaka sita nimebeba magunia ya iliki na pilipili manga, kabla hawajanichukua kulinda ghala huku Al Quoz. Basi akanieleza kwa magunia. Ukituma pesa, hauendi ule mzigo mmoja tu. Unaenda na visanduku: kisanduku cha jina lako, cha jina la anayepokea, cha uhusiano wenu, cha sababu. Kazi yake yeye ni kutengeneza orodha inayojua kila neno limekaa kisanduku gani, ili mtu akiuliza, mashine isifungue magunia yote ghalani. Inakwenda moja kwa moja kwenye iliki.

Nikafurahi. Maana Rosina alikuwa amenipigia siku tatu kabla.

Rosina ni mjane wa Josephat, rafiki yangu, tulikaa chumba kimoja huku Al Quoz. Josephat kampuni yake ilifungwa, kafeel, yule mdhamini wake, akatokomea, kitambulisho kikaisha muda. Akawa anaishi kwa vibarua. Bila kitambulisho hutumi pesa. Kwa hiyo kila mwezi alinipa mimi, nami nikatuma kwa kadi yangu ya kitambulisho, kwa mkewe Babati, anajenga nyumba yao. Wengi tulifanyiana hivyo, wala hatukuona kosa. Mwaka jana Josephat akafariki. Sasa kaka yake, Zakayo, amekwenda baraza la ardhi anasema nyumba ile kaijenga yeye.

"Shemeji," Rosina aliniambia, "wewe ndiye uliyekuwa unatuma. Nitafutie karatasi, la sivyo natolewa na watoto."

Nikamjibu, hilo dogo, nina mjukuu.

Ijumaa nikapanda metro hadi Rashidiya, kwa Leah. Akapika ndizi na utumbo, tukala, ndipo akafungua simu yangu. Duka nililokuwa natumia kutuma pesa limeweka hiyo mashine ya kina Leah, mteja anatafuta mambo yake mwenyewe ya zamani.

Akaandika Josephat. Hakuna.

"Lazima asiwepo," nikasema, "kadi ilikuwa yangu. Andika Rosina."

Zikaja. Arobaini na moja! Nikapiga makofi. Nikasema chapa zote, yalla, haraka, Zakayo ataona cha moto.

Leah hakuchapa. Alikuwa anasoma.

"Babu. Huyu Rosina ni nani wako?"

"Si nimekwambia, mke wa Josephat."

"Hapa kwenye uhusiano pameandikwa mke wako. Zote."

Jamani. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Siku ya kwanza karani aliniuliza huyu ni nani kwako, nikasema mke wa rafiki. Akanirudishia hela, eti ndugu tu, khalas, imekwisha, anayefuata. Nyuma watu wanapiga kelele. Nikasema basi, mke wangu. Mwezi wa pili aliniuliza tu, "Yule yule?" Nami nikaitikia, yule yule.

"Futa basi hapo," nikamwambia Leah.

"Hakifutwi, Babu. Mimi naonyesha kilipo tu."

"Kuna kile cha maneno? Cha sababu?"

"Kipo. Nitafute nini?"

Josephat kila mwezi alinisihi, "Mzee Elisante, andika pale, ni ya mabati kutoka kwangu, Rosina akapewe risiti ajue." Mimi mwandiko wangu wa kuku, niliona haya mbele ya wale makarani. Sikuandika hata mara moja. Nikirudi ananiuliza, "Umeandika?" Nami, "Nimeandika." Na yeye anatabasamu, anakwenda kuoga.

"Tafuta mabati," nikasema, kwa sauti ndogo.

Hakuna. Saruji, hakuna. Visanduku arobaini na kimoja vitupu.

Leah akasema karatasi hizi zikifika barazani peke yake, Zakayo atasema Rosina alikuwa na mwanamume Dubai. Zisipofika, nyumba inakwenda. Labda ziende pamoja na kiapo changu, nikiape ubalozi mdogo wa kwetu, kwamba nilidanganya pale dirishani kwa karani.

"Wanaweza wakakuzuia kutuma tena. Na Bibi atasikia."

"Bibi yako atanichinja."

Nikampigia Rosina kwanza. Nilimwambia yote, na ya risiti pia.

"Mara arobaini na moja, shemeji?"

"Arobaini na moja."

"Na mahari hukutoa hata mbuzi." Akacheka kidogo, kisha sauti ikakatika. "Mimi nilidhani Josephat hakuwa na neno la kuniambia. Miaka yote hiyo. Kaape. Na uyaseme aliyokutuma."

Leah akafungua ukurasa mpya wa kile kiapo.

"Mtumaji wa kweli?"

"Josephat."

"Uhusiano wako na mpokeaji?"

"Mke wa rafiki yangu."

"Sababu. Mwezi wa kwanza?"

"Msingi. Mawe na mchanga." Yalinijia, maana Josephat alikuwa akiyarudia mpaka natoka mlangoni. Wa pili, tofali. Wa tano, sare za shule. Wa tisa alisema mwambie nimeota anaimba. Leah alisita, akaandika hivyo hivyo.

"Wa ishirini na tatu?"

Nikafikiri. Nilimwona Josephat mlangoni, taulo begani, mdomo unatembea. Neno halikuja.

"Nimeandika," nilimwambia siku ile. Hilo nalikumbuka.

"Babu?"

"Acha wazi, mama. Hicho kiache wazi."