Papa Wino Apotea Ukurasa wa Nane

Mimi si mtu wa kupenda mashujaa. Nimefundisha falsafa katika shule ya sekondari hapa Kingi kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda huo wote sijakutana na mtu aliyeinua kitu kizito kuliko gunia la viazi bila kuomba msaada. Kwa hiyo nilipoamua kuandika kitabu cha katuni, nilimtunga shujaa anayelielewa tatizo hilo. Anaitwa Wino. Anaweza kung'oa mlima, mradi mlima huo uwe umekwisha kuchorwa, na nguvu zake hukoma kwenye mstari wa kisanduku alimochorwa. Anajua kwamba yeye ni wa karatasi. Katika toleo la kwanza alimgeukia msomaji akamwomba asogeze kidole gumba, kwa sababu kilikuwa kimemfunika.

Anayemchora ni Umutoni, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Asubuhi hupeleka maziwa ya ng'ombe wa baba yake kwa watengeneza jibini, mchana huchora. Kila toleo lina kurasa kumi na sita, na tunatoa fotokopi kumi na mbili Masisi. Sita hubaki Kingi. Sita husafiri na Damien, mwendesha pikipiki, juu ya mzigo wa jibini hadi Kalembe, na kutoka hapo huenda kwa miguu mpaka Kibua, upande wa Walikale, ambako katekista aitwaye Luc huwasomea watu kwa sauti. Kuhusu wasomaji wa Kibua sikujua lolote zaidi ya hilo, na sikuwa nimeuliza.

Tangu mwanzo niliweka kanuni moja, nikaiandika kwenye jalada: *Mwandishi haruhusiwi kumwokoa Wino.* Mwandishi anayechimba shimo, akamtumbukiza mtu wake ndani, kisha akamteremshia ngazi, anamfanyia msomaji ulaghai. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi vilivyoniunga mkono.

Katika toleo la nne nilifikia hitimisho la kanuni hiyo. Wino anaingia msitu wa Walikale. Kwenye ukurasa wa nane anauliza ni nani anayeichora miti, hajibiwi, na anatoka nje ya kisanduku cha mwisho. Kurasa nane zinazofuata ni nyeupe. Niliona kwamba nimesema jambo zito kuhusu upweke wa kiumbe aliyebuniwa.

Umutoni hakuliona hivyo.

"Prof, umemuacha mu pori."

"Sijamwacha. Nimemweka katika hali."

"Hali gani? Iko na njaa. Ukurasa wa sita alisema iko na njaa."

"Njaa ile ni ya kifalsafa."

"Nilimuchora tumbo, Prof. Naijua."

Alikuwa amepata kazi Goma, ya kuchora mabango ya afya, na angeondoka Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Alitaka jambo moja tu kabla ya kuondoka: Wino atoke msituni. Nilimkumbusha kwamba kanuni iko kwenye jalada na kwamba herufi zake alizichora yeye mwenyewe. Akanieleza, pasipo kupandisha sauti, kwamba mwaka walipokimbia Kingi familia yao ilimsahau bibi yake nyumbani, na baba yake akarudi kumchukua ingawa wote walimwambia haifai. Kisha akachukua vyombo vyake vya maziwa akaenda. Kama ningemtoa Wino, kila ukurasa uliotangulia ungekuwa uongo. Kama nisingemtoa, mchoraji wangu angeondoka akiamini kwamba ameshiriki kumtupa mtu.

Wasomaji wa Kingi hawakunisaidia. Papa Makuza, mfugaji, alinirudishia nakala yake akiwa ameikunja vizuri.

"Prof, mashini ilibeba karatasi mbili pamoja. Nusu ya kitabu ilibakia Masisi. Uwaambie."

Kutoka Walikale hapakuja neno. Barabara ya kawaida ilikuwa imefungwa, kama ilivyo desturi yake.

Jumamosi ya mwisho, saa nne asubuhi, Damien alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yangu. Nyuma yake aliketi mwanamume mfupi wa umri wa miaka hamsini hivi, mwenye matope hadi magotini na mfuko wa plastiki kifuani, chini ya shati. Umutoni alikuwa kibarazani pangu, akinirudishia vitabu nilivyomwazima. Alikuwa amenisalimia kama mtu anavyomsalimia ofisa.

"Njo huyu?" mgeni alimuuliza Damien, akitaka kujua kama ndiye mimi.

"Njo yeye."

"Nilizania iko mukubwa."

Nilimkaribisha, nikamtambulisha kwa Umutoni, mchoraji. Akakaa, akakataa maji, akakubali maziwa.

"Mimi naitwa Patient. Niko muwindaji, natoka Kibua. Nilitembea siku mbili mpaka Kalembe. Nakuuliza kitu moja, Prof. Ku kwenu, muntu akipotea mu pori, munafunga kitabu?"

Nilianza kumweleza kuhusu hali. Aliniacha nimalize, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajalifanya tangu mwaka uliopita, kisha akautoa mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na mfuko mwingine, na ndani ya huo nakala ya toleo la nne, imevimba kwa unyevu na mikono mingi.

"Luc alisoma mpaka ukurasa wa nane," alisema. "Akageuza: hakuna kitu. Akageuza zote: hakuna kitu. Mama Annonciata njo alisema, huyu muntu amepotea. Basi siku ya Mungu, kisha misa, Luc akatangaza. Alitangaza ndoa mbili, mbuzi ya Papa Jean-Bosco yenye ilipotea, na Papa Wino."

"Mbuzi ilionekana?" Umutoni aliuliza.

"Ilionekana siku ya ine. Iko na kichwa nguvu."

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya upole, kama watu wa Kibua walielewa kwamba Wino ni mchoro.

"Prof, yeye mwenyewe anasema iko muchoro. Kitabu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Muchoro hauwezi kupotea?"

Nimefundisha mantiki kwa miaka kumi na tisa. Nikamwongezea maziwa.

Patient akafungua ukurasa wa tisa, uliokuwa mweupe wakati ulipotoka mikononi mwangu. Walijigawa vikundi vinane, akasema, kila kikundi ukurasa mmoja, kama wanavyofanya mtu akipotea kwa kweli: kila ekipe na upande wake wa msitu. Walitumia kalamu za buluu za watoto wa shule na, zilipokwisha, mkaa. Kwenye ukurasa wa tisa kulikuwa na jani lililokunjwa, upande wa chini ukiangalia juu, ncha yake ikionyesha njia. Na tawi lililolazwa kuifunga njia isiyofaa. Kwenye ukurasa wa kumi mwanamume alikuwa akigonga kwa gogo mzizi mpana wa mti mkubwa, ule mzizi uliosimama kama ukuta, na mistari ya sauti ilitoka hadi ukingo wa karatasi ikaendelea kwenye ukurasa wa kumi na moja, uliochorwa na watu wengine.

"Munaweza kusikia hiyo mbali sana," alisema Patient.

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na nyayo. Wayo wa kulia ulikuwa na alama za soli. Wa kushoto ulikuwa mtupu, vidole vyote vitano vikihesabika. Nilimuuliza sababu.

"Kitabu ya pili. Kambambili yake ya kushoto ilibakia mu matope ya Kalembe. Wewe njo uliandika."

Niliandika, ni kweli, na nikasahau. Kisanduku kimoja kilikuwa kimepwaya, nikamvua mtu kandambili ili kukijaza. Umutoni, naye, alikuwa amemrudishia kandambili katika toleo la tatu bila yeyote kati yetu kugundua. Watu wa Kibua walikuwa wamegundua, wakalisamehe hilo kuwa kosa la kwetu, wakaendelea kumfuata kwa miguu aliyokuwa nayo.

Nimesoma sana maishani mwangu. Sidhani kama niliwahi kusomwa kabla ya asubuhi ile.

Ukurasa wa kumi na sita ulikuwa na moto, kigoda, ndizi zilizochomwa juu ya jani, na kandambili moja. Pale kwenye kigoda hapakuwa na mtu.

"Hatukumuchora," alisema Patient. "Hiyo iko kazi ya dada. Sisi tunatengeneza njia tu."

"Kuna kanuni kwenye jalada," nilisema, zaidi kwa mazoea.

"Tuliisoma. Inasema mwandishi. Luc alisema haituangalie sisi, iko yako tu."

Umutoni alikwisha kuingia ndani kutafuta kalamu zangu. Alirudi, akainama juu ya ukurasa wa mwisho, akasita.

"Papa Patient, hii kambambili iko ya muguu wa kuume."

Patient akaitazama kwa makini, kwa umbali, kisha kwa karibu.

"Mama Annonciata njo aliichora," alisema. "Ukitaka kumuambia, mimi siko."

Umutoni alichora Jumamosi yote hadi jua likashuka, na tena Jumapili baada ya misa. Hakufuta mstari wao hata mmoja. Alimpitisha Wino ndani ya michoro yao: mguu wake mtupu ndani ya wayo mtupu, mkono wake ukigusa jani lililokunjwa. Kwenye ukurasa wa kumi alimsimamisha, kichwa kimegeuka, anasikia. Patient alikaa pembeni akisimamia, akisema mara kwa mara kwamba mtu mwenye njaa hainui goti hivyo, na Umutoni akilishusha goti. Mimi nilichonga penseli. Ni kazi ninayoiweza.

Kwenye ukurasa wa kumi na sita Wino aliketi kigodani, akaivaa kandambili ya kulia kwenye mguu wa kushoto. Nilipendekeza aseme jambo, labda kuhusu kuchorwa na mikono ya kijiji kizima.

"Iko anakula, Prof," alisema Umutoni.

Basi hakusema kitu. Kwenye jalada niliiacha kanuni mahali pake, kwa kuwa haijavunjwa. Chini yake niliandika majina thelathini na moja aliyonitajia Patient, nikimwomba arudie kila moja ili nisikosee. Nimewahi kuandika shukrani katika tasnifu mbili, na zote zilikuwa za adabu. Safari hii nilipofika jina la ishirini hivi ilinilazimu kutua kalamu na kuangalia nje, ambako ng'ombe wa Makuza walikuwa wakila ukoka wangu, na nikawaacha wale.

Nakala halisi anaichukua Patient. Haiendi kwenye mashine yoyote. Aliifunga katika mifuko yake miwili, kisha akanitaka nimwandikie tangazo la Jumapili inayofuata, kwa sababu waliotangaziwa kupotea kwa mtu wanastahili kutangaziwa kupatikana kwake. Nilichukua karatasi, nikaandika:

*Wino amepatikana. Amekula. Ana kandambili. Mwandishi wake anawashukuru.*

Sijawahi kuandika kitu kifupi hivyo, wala sikuona la kurekebisha. Umutoni, ambaye mzigo wake wa Goma ulikuwa umekwisha kufungwa nyumbani kwao, alisoma juu ya bega langu.

"Ongeza kama kambambili iko ya muguu mubaya," alisema. "Watauliza."

Nikaongeza.