Risiva ya Mzee Matonya

Elieth hakuogopa umeme wala kupanda juu ya bati kufunga dishi, lakini siku hiyo pale Makole alikuwa na hofu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Risiva ya Mzee Matonya, baba wa mchumba wake, ilikuwa imekufa. Muuaji ni Kefa, mchumba mwenyewe, aliyeichomoa kwenye umeme katikati ya kuwekewa programu mpya. Mwanaume huyo, jamani! Na saa nane na nusu mchana Senegali ilikuwa inafungua Kombe la Dunia na Ufaransa.

Mzee alikwisha kutuma neno: "Fundi mwanamke mimi sijapata kumwona. Akiifufua kabla ya mpira, Jumapili napeleka posa kwao. Ikimshinda, Kefa atafute kwingine."

Kazi ingekuwa rahisi isingekuwa mila. Katika nyumba ile, mkwe wa kike hasemezani na baba mkwe wala hawatazamani usoni, hata posa ikiwa bado haijatoka. Mzee naye alikataa risiva itoke sebuleni, maana fundi mmoja wa zamani aliondoka nayo akairudisha na matumbo ya nyingine. Basi Elieth akakaa koridoni na laptopu ya kuazima, waya mrefu ukapita chini ya pazia hadi kwenye risiva, na Paulina, dada yake Kefa, akasimama mlangoni kupeleka maneno.

Jaribio la kwanza: hakuna mawasiliano. Akahamisha waya tundu jingine: vilevile. Akafungua kichwa cha waya, akajicheka. Mjinga mimi! Uzi wa kutuma ulikuwa umeungwa na wa kutuma, wa kupokea na wa kupokea. Huku wanasema, kule wanasema, hakuna anayesikiliza. Akazipishanisha, akalehemu chapuchapu. Saa nane na robo.

Ikabaki kuwasha. Ukishabonyeza kwenye laptopu, programu ilingoja sekunde tatu tu risiva ipate umeme, kisha ikakata tamaa. Na swichi ilikuwa ukutani sebuleni, karibu na kiwiko cha Mzee, ambaye tangu kosa la Kefa hakuruhusu mtu mwingine kuigusa.

"Wifi, mwambie baba awashe!"

Paulina akaingia, akapiga goti. "Baba, unaombwa uwashe."

"Ninaombwa na nani?"

"Na fundi."

"Haya, mwambie nawasha."

Hakuna mawasiliano; sekunde tatu zilikuwa zimekwisha zamani.

Mara ya pili Mzee akawahi mno. Mara ya tatu Paulina alishikwa na kicheko mlangoni, neno likamfia mdomoni. Kikamwambukiza Elieth, akacheka mpaka machozi, huku moyo ukimwambia ndoa yako ndiyo hiyo inaondoka, bibi wee, kwa ajili ya swichi! Sebuleni majirani waliokuja kutazama mpira wakaanza kusonya. Uani Kefa alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Saa nane na dakika ishirini na tano.

Liwalo na liwe. Elieth akabonyeza, akapaza sauti mpaka kuku wakatawanyika.

"Baba, washa!"

Majirani wakageukia pazia. Paulina akajiziba mdomo. Sekunde moja. Mbili.

"Nimewasha, mwanangu!"

Mstari wa buluu ukaanza kutembea kwenye laptopu. Asilimia kumi. Arobaini. Elieth hakuthubutu hata kupumua. Tisini. Mia! Sebule ikalipuka kwa vigelegele na miluzi, maana timu ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia uwanjani. Elieth akamrukia Paulina, wakazunguka koridoni kama vichaa, nusura waukanyage waya.

Kisha pazia likasogea kidogo. Mkono wa Mzee Matonya ukatoka na kigoda, ukakiweka kizingitini. Mwenyewe alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Fundi akae hapo, mpira unaonekana," akasema. "Jumapili tunakwenda kwao Haneti. Na huyo Kefa akae huko huko uani, asije akagusa kitu."