Kibudu cha Harusini

Mimi ndiye katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu, na nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilitenda kwa kutojua. Kibao cha kukataza watu kuchafua mto nilikiandika kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu, nikakisimika pale ambapo ukingo una mteremko mwepesi. Na kwa kuwa mteremko ni mwepesi, ndipo hapo hapo nilipooshea bomba la kupulizia dawa ya mpunga, Ijumaa jioni, siku moja kabla ya kumwoza binti yangu Nasma. Dawa iliyobaki, nusu chupa, niliimwaga humo humo mtoni. Nyumba ilikuwa imejaa watoto wa wageni, nami sikutaka mtoto aiguse. Ndivyo nilivyo, mtu wa tahadhari.

Asubuhi mto ukawa mweupe kwa samaki aina ya mkizi. Walielea matumbo juu, pamoja na kamba wadogo wasiohesabika, na majirani wakawaokota kwa mabeseni na vyandarua. Dada yangu Mwanahalima, mkuu wa jiko la harusi, akasema Nasma ana nyota. Wali tulikuwa nao wa kutosha. Kitoweo ndicho kilichokuwa kikitutia tumbo joto, maana wageni wa bwana harusi wanatoka Nyamwage, kijiji cha barabarani, na watu wale wanajua kusema.

Nikaenda peke yangu kutazama. Chini ya mkoko furukombe alilala kifudifudi topeni, kipande cha mkizi kikiwa bado kwenye kucha zake. Ndege yule na mwenzake nimewaona wakivua pale miaka sita. Kilichomuua yeye kilikuwa kinakaangwa nyumbani kwangu.

Mtu mwingine angesema kweli papo hapo. Mimi nilikuwa na cheo. Nilimshika ndege kwa bawa nikampelekea Maalim Zaidi, aliyekuwa amekaa barazani kwangu akingoja kufungisha ndoa.

"Maalim," nikamwambia, "wale samaki hawakuvuliwa. Wamekufa wenyewe. Si kibudu hicho?"

Nawajua watu wetu. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa hawamgusi, hata kama njaa inawamaliza. Neno hilo moja lingetosha kumwaga masufuria yote, nami ningebaki na ukatibu wangu.

Maalim alinitazama kwa huruma. "Katibu, weye chuo umesoma kwangu. Samaki hachinjwi. Afe majini, afe nchi kavu, halali."

"Na huyu ndege?"

"Huyo ana kucha, haliwi. Nani kakwambia tunampika?"

Baraza zima likacheka. Nikajaribu kusema kwamba pengine suala hili ni la kitaalamu, tupeleke sampuli wilayani Utete. Maalim akajibu kwamba majibu yakirudi, Nasma atakuwa na wajukuu. Kisha wakaingia kwenye mjadala wenyewe: samaki aliyeelea, samaki aliyekutwa tumboni mwa samaki mwenzake, kila mmoja na hoja yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wamekufa kwa nini. Nilishukuru, halafu nikaona haya kwa kushukuru kwangu.

Ndoa ikafungwa. Mwanahalima akaja na sinia la kwanza, akaliweka baina yangu na Mtoro, baba wa bwana harusi, ambaye alikuwa keshanawa.

"Kaka, anza weye mwenye shughuli," akasema. "Wageni wanakungoja."

"Nasma keshapata chakula?"

"Ndiyo kinapelekwa ndani sasa hivi."

Nilitazama wali, nikatazama mkizi juu yake, mwekundu kwa bizari, anayenukia. Mtoro alikuwa ameshafinya tonge.

"Nimemwaga dawa mtoni," nikasema.

Kaswida ilikuwa juu, hakuna aliyesikia. Nikasimama. "Msile! Dawa ya mpunga, nimeimwaga miye. Mzuieni Nasma asile."

Mwanahalima alitoka mbio hata mtandio ukamdondoka. Sahani aliikuta mlangoni, mwanangu hajaigusa. Aliporudi kuniambia hivyo nililia mbele ya wakwe, na sioni aibu kwa hilo.

Nilingoja matusi. Maalim Zaidi akainuka, akatangaza kwamba chenye kudhuru ni haramu, kwa sauti ile ile aliyohalalishia. Mtoro akarudisha tonge siniani, akanishika mkono. Alisema mtu anayeweza kujiumbua mbele ya kadamnasi ili kuokoa wageni ndiye mkwe ambaye yeye amekuwa akimwomba Mungu ampe. Watu wakaitikia. Wakala wali wa nazi na achari, wakausifu, na sifa nyingine wakanirundikia mimi.

Mwanahalima alikuwa bado na hofu. "Vyakula hivi visikae hapa hata kidogo," akawaambia vijana. "Mbali na watoto, mbali na kuku."

Vijana wakabeba masufuria sita, wawili wawili, wakateremka nayo moja kwa moja hadi mtoni. Kutoka barazani niliwaona wakiyainamisha, moja baada ya jingine, na mwewe walikuwa wameshaanza kuzunguka juu yao. Nilitaka kuinuka niwaambie. Lakini Mtoro alikuwa bado ameushika mkono wangu, akiwaeleza watu wa Nyamwage mimi ni mtu wa namna gani, na siku ile nilikuwa nimekwisha kusema kweli mara moja.