Mume Wangu Ni Mfuga Nyuki

Nafundisha Kiingereza hapa mjini Myrhorod, kwenye chumba cha chini cha maktaba, ili king'ora cha mashambulizi kikilia tusihangaike kuhama. Wanafunzi wangu ni watu wazima, na watu wazima ni wabishi. Mzee Zenoviy, fundi wa reli mstaafu, amegundua kwamba Waingereza wana kineno "the" ambacho sisi hatuna, basi anakinyunyiza kila mahali kama chumvi. Isipokuwa mbele ya jina la nchi yetu. Hapo ukithubutu kuweka "the", kama walivyozoea wageni wa zamani, utadhani sisi ni kipande tu cha shamba la jirani, atasimama akuonyeshe mlango. Simlaumu hata kidogo.

Ugonjwa wa darasa zima ni mwingine. Kwetu kusema mtu ni nani hakuhitaji kitenzi. Unasema "Mume wangu mfuga nyuki", ukiandika unachora kistari katikati, yamekwisha. Mwingereza hakubali. Yeye anataka "is" kwa aliyepo na "was" kwa aliyekuwa, na ukiacha nafasi wazi anakutazama kama umesahau kuvaa viatu. Nimelisema hilo mpaka sauti imenikauka.

Aliyenisumbua zaidi ni Motria, mshona mapazia. Mume wake, Lavrin, alitoweka vitani upande wa mashariki, na huu unakwenda mwaka wa tatu. Hakuna mwili, hakuna simu. Kuna kitu kimoja tu: askari mwenzake aliyerudi kutoka kifungoni alisema alimsikia mtu akipiga chafya chumba cha pili, na chafya ya Lavrin haifanani na ya binadamu mwingine. Motria anaishi kwa chafya hiyo. Mizinga ya nyuki ya mume wake anaitunza mwenyewe, na ukiigonga kwa bahati mbaya anakugombeza, "Lavrin hapendi."

Ndipo tukaambiwa kuna wageni wanakuja kutoka nje, wanaofuatilia habari za mateka. Kila mke angepewa dakika chache za kusema, kwa Kiingereza, bila mkalimani. Yule ambaye wageni wangeamini ni mateka, wangekwenda kumuulizia upande wa adui. Yule ambaye wangeona ni marehemu, wangempa mkewe pole na kuondoka.

Ofisi ya mkoa ikamtuma kijana wake, Vadym, mwenye Kiingereza kizuri na viatu vizuri zaidi, aje kutukagua. Akachukua karatasi ambayo Motria alikuwa ameandika maneno atakayowasomea wageni, akakuta kistari katikati ya mume na mfuga nyuki. Akakikata, akaandika "was".

Motria akamuuliza hiyo ni nini.

"Ni sarufi, mama. Mtu hajaonekana miaka yote hii. Ukiwaambia 'is' watadhani yuko nyumbani anakunywa chai."

"Wadhani wanavyotaka."

Vadym akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwonea mwenzake huruma asiyoombwa. Akasema wageni ni watu wa ushahidi, mwanamke anayeng'ang'ania ataonekana amechanganyikiwa, na wahenga walishasema asiyekuwepo na lake halipo. Kisha akanigeukia mimi. Akaniita kwa jina langu na la baba yangu, kwa adabu zote, akaniomba kama mwalimu nimweleweshe mwanafunzi wangu kanuni.

Nikamwambia Motria kwamba kanuni ni rahisi: "was" ni ya kilichokwisha. Kama kimekwisha au hakijaisha, sarufi haijui. Anajua anayesema.

"Orysia Hnativna," Vadym akasema, "tafadhali usilete moyo kwenye kitenzi."

"Wewe umeleta jeneza," nikamjibu. "Nani kazidisha?"

Zenoviy akajifanya anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa. Motria alikuwa bado anaikodolea macho ile karatasi, akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe:

"Kwetu nilikuwa naweza kunyamaza. Kistari hakiniulizi kitu. Hiki Kiingereza kila nikifungua mdomo kinaniuliza: yupo au hayupo? Haya. Kikitaka jibu, kitapewa."

Vadym hakubishana tena. Alikwenda zake, na siku ya wageni tulikuta karatasi zimechapwa upya na kupangwa mezani, safi kabisa, na ya Motria ina "was" ileile.

Tulikaa kwenye ukumbi wa mji, wageni upande ule na wanawake upande huu. Aliyetangulia alisoma kama alivyoandikiwa. Mume wangu alikuwa dereva, alikuwa baba mwema. Wageni waliinamisha vichwa, na mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyeonekana ndiye mkubwa wao, alifuta macho. Alihuzunika kweli, sikatai. Lakini kalamu yake ilibaki mezani, na mimi nilikuwa naitazama kalamu.

Zamu ya Motria ilipofika, akaigeuza karatasi uso chini.

"Mume wangu ni mfuga nyuki," akasema kwa Kiingereza. Alisema "is". Alisahau "a", na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kumsahihisha mtu. Akaendelea. Ni mrefu. Ni mkaidi. Ni "kupiga chafya" sana, na askari aliyekuwa amefungwa chumba cha pili alimsikia. Sentensi hiyo ilikuwa imevunjika miguu yote, lakini ilifika.

Yule mama mwenye nywele nyeupe akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika Motria vidole. Macho yake yalikuwa na upole wa kweli.

"Pole sana," akasema. "Jina lake lilikuwa nani?"

Alisema "was". Labda ni adabu ya kwao, labda ulimi tu. Vadym alitazama sakafu. Mimi nilitamani kusimama, nikajizuia, maana haikuwa dakika yangu.

Motria akavuta mkono wake.

"Hapana," akasema. "Is."

Mgeni hakuelewa.

"Is," Motria akarudia, taratibu, jinsi ninavyomrudia yeye darasani. "Jina lake ni nani. Uliza hivyo."

Vadym akainuka nusu kuomba radhi kwa niaba yetu. Mgeni akamzuia kwa kiganja, bila kumtazama. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Akaivuta kalamu, akaifungua, akauliza tena kwa "is".

"Jina lake ni Lavrin Halahan."

Mgeni akaandika, akamwomba amtajie herufi, akaandika tena. Kisha, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi, akauliza, safari hii bila kukosea:

"Na yuko wapi?"

"Hilo," Motria akasema, "nendeni mkaulize."