Kiziwi wa Kujitakia

Baada ya kujifungua, Hadjara alipata uziwi ambao haukuwa wake. Alipewa tu, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Ulianza hivi. Mama mkwe wake alisimama mlangoni pale Butembo, akaita, "Mama Shafii!" Hadjara hakugeuka. Maisha yote alikuwa Hadjara, muuza vitenge mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Huyo Mama Shafii, aliyezaliwa pamoja na mtoto Shafii, hakuwa amemzoea bado. Akaitwa tena na tena. Yeye alikaa na mtoto kifuani akitazama ukuta, moyo mzito kama gunia la mihogo lililonyeshewa.

"Uzazi imemuziba masikio!" mama mkwe akapiga kelele, na kabla jua halijazama akawa ameshammiminia mafuta ya mawese ya vuguvugu masikioni. Mabega ya Hadjara yakawa mekundu kama ya mchinja ng'ombe.

Angeweza kusema anasikia. Lakini wangemuuliza basi mbona hacheki, na swali hilo aliliogopa kuliko mawese. Mama asiyefurahia mtoto wake ni mama gani? Kiziwi haulizwi kitu. Akawa kiziwi.

Wageni walisema mbele yake kama mbele ya kabati.

"Aka katoto kako na pua ya baba yake," alisema jirani Kahongya. "Mungu akasaidie. Na mama, muangalie nywele! Utasema panya imezalia mule."

Hadjara akauma ulimi asicheke.

Kisha mumewe, Djuma, akarudi na lori kutoka Beni. Mama yake akamkalisha.

"Djuma, kiziwi hasikiake mutoto akilia. Umupeleke Shafii Beni, kwa dada yako."

"Lakini mama, ananyonya!"

"Na maziwa ya kopo ni ya kazi gani?"

Djuma akakuna kichwa. "Basi, kesho nitamubeba."

"Hapana!"

Walipogeuka, Hadjara alikuwa amesimama, mtoto amembana kifuani.

"Amesikia!" Mama mkwe akapiga vigelegele. "Mawese yangu! Kahongya, kuja uone!"

"Mama, acha mawese." Hadjara akasogea mbele. "Nilikuwa nasikia toka mwanzo. Masikio haina shida, ni roho. Nalia bila kujua juu ya nini. Naangalia mutoto, naona kama ni wa mutu mwingine, bamenipa nimuchunge tu. Lakini mutu akimubeba, nitamukimbilia mpaka Beni na miguu."

Mama mkwe akaketi polepole.

"Mimi nilizaa huyu," akamnyooshea Djuma kidole, "nikalia siku mingi juu ya kuku iliyokufa."

"Pole, mama," Hadjara akasema.

"Haikuwa hata kuku yangu. Ya jirani. Yeye aliipika, mimi nikabakia kwenye matanga peke yangu."

Kicheko kilimtoka Hadjara puani, machozi yakakifuata.

"Mama, hukuniambiaka hiyo," Djuma akasema.

"Ulikuwa unanyonya, ningekuambia nini? Beba mutoto wako. Bibi yako huyu alale kwanza. Akiamuka tunaenda naye kliniki, kwa centre de santé, aambie muganga vile ametuambia sisi, bila kuficha."

Djuma akampokea Shafii kama mtu anayepokea betri inayovuja. Shafii akamlowesha suruali papo hapo, kisha akaanza kulia.

"Nifanye nini sasa?"

"Imba," mama yake akasema.

"Naimba nini?"

"Ile unaimbiaka camion yako ikichoka kwenye kilima."

Djuma akakohoa, akaanza kuimba kwa aibu. Hadjara akajinyoosha kitandani, na lori la wimbo lilikuwa halijafika nusu ya kilima alipopitiwa na usingizi.