Kifuniko cha Duka la Delvigne

Sijapata kuona mtu anayejipenda kama kapita wetu, msimamizi wa kazi, Liévin. Kila asubuhi aliingia dukani kwa Monsieur Delvigne, hapa Élisabethville, tai imembana shingo, na kabla hajatusalimu sisi wanawake wa cherehani alijitazama kwanza kwenye kioo cha wateja. Alichokiona humo kilimpendeza. Sisi kilituchekesha.

Mimi na mwenzangu Angélique tulishona ghorofani, juu ya sakafu ya mbao. Chini yetu kulikuwa na ghala la vitambaa na makasha ya vyombo yaliyojazwa majani makavu. Katikati ya sakafu yetu palikuwa na tundu pana la mraba, ambapo marobota yalivutwa kwa kamba kutoka ghalani. Ukitaka kuifikia ngazi ya kushukia, iliyokuwa nje ya ghala upande wa uani, lazima upite ukingoni mwa tundu hilo.

Serikali ilikuwa imedai tundu liwekewe kifuniko cha chuma. Mkaguzi wa moto, Mbelgiji mrefu mwenye kikohozi, alikuja mwenyewe kukitazama. Kifuniko kilisimama wazi, kimeshikwa na waya uliofungwa kwenye nguzo, na katikati ya waya palikuwa na kipande cha risasi, yale madini laini. Mkaguzi alitueleza kwamba moto ukiwaka chini, risasi itayeyuka, waya utakatika, na chuma kitaanguka chenyewe kuziba tundu, ili moto usipande juu. Monsieur Delvigne alitikisa kichwa kukubali kama vile yeye ndiye aliyebuni jambo hilo. Liévin naye akatikisa, kwa sababu bwana wake ametikisa.

Siku moja robota liligonga ule waya ukakatika. Kifuniko kilianguka kwa kishindo, na mke wa mzungu mmoja wa reli, aliyekuwa anapimwa gauni, aliruka pini zikamchoma kiunoni. Lo, makelele yake! Monsieur Delvigne alipanda ngazi mbiombio, uso mwekundu.

"Liévin! Funga ile kintu na munyororo. Sitaki kuisikia tena!"

Liévin alileta mnyororo ambao ungemfunga ng'ombe. Alikiinua kifuniko tena, akauzungusha juu yake, akaukaza kwenye kulabu ya nguzo, kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

"Kapita," Angélique akamwambia, "mukaguzi alisema ile kintu iko ya kuanguka yenyewe. Unaifunga sababu ya nini?"

"Mama Angélique, weye ujue kushona. Mambo ya bazungu utuachie siye."

Siye! Alijiweka humo bila haya, yeye ambaye patron, bwana wetu Delvigne, alimkaribisha barazani kwake kwa kazi ya kubeba viti tu.

Moto ulipokuja, haukuletwa na mtu mwingine ila Monsieur Delvigne. Alikuwa anamwonyesha mgeni shehena mpya, sigara kubwa mdomoni, akaitupa pale alipozoea kutupa vitu vyake, yaani popote. Ikaangukia majani makavu. Wakatoka wakizungumza habari za mvinyo.

Sisi tuliona moshi kwanza, mweusi, unapanda kutoka kwenye tundu kama unavutwa na kamba. Kisha joto. Nikakimbilia ngazi, lakini ndimi za moto zilikuwa zimeshaanza kulamba ukingo wa tundu, na hapakuwa na pa kupita. Nikalia, sioni aibu kusema. Nikaita, "Kapita! Kapita!" Dirishani nilimwona Liévin yuko barabarani tayari, anapangusa viatu.

"Achana naye," Angélique akasema.

Alijifunga kitambaa usoni, akashika pasi yetu nzito ya makaa, akainama hadi kwenye nguzo. Akaigonga ile kulabu. Mara ya kwanza haikutingishika. Akagonga tena na tena, moshi umemzunguka mpaka nikawa nasikia mlio tu, simwoni. Ghafla mbao zikapasuka, kulabu ikang'oka, na kifuniko kikaanguka. Sakafu nzima ilitetemeka. Moto ukabaki chini. Tulipita ukingoni tukishikana, tukashuka ngazi, tukatoka kwa mlango wa uani. Mkono wa kulia wa Angélique ulikuwa umevimba, ngozi imebanduka.

Ghala liliteketea. Ghorofa ilipona. Na unafikiri nani alisifiwa? Wiki iliyofuata Monsieur Delvigne alipanga bilauri mbele ya duka, akawaalika rafiki zake, na mkaguzi akaja. Patron akahutubia kwamba mtu anayetii sheria hulindwa na sheria, na kwamba kifuniko chake kimejifunga chenyewe, barabara. Makofi. Liévin alisimama kando yake, kifua mbele, akingojea kupigwa picha.

Angélique akapenya katikati yao, mkono umefungwa bendeji. Akatua mezani mnyororo, na kulabu yake, na kipande cha nguzo bado kimeng'ang'ania humo. Bilauri mbili zikaanguka.

"Hakikujifunga," akasema. "Nilikiangusha miye, na pasi."

Mkaguzi alikohoa, akaugeuza mnyororo. "Nani aliufunga?"

Monsieur Delvigne akatazama mawingu. Liévin akamtazama Monsieur Delvigne, akaona hapati msaada, akatunyooshea kidole. "Ni hawa bamama."

Hata wazungu walicheka. Mkaguzi hakucheka. Alifunga duka siku hiyohiyo, mpaka kila tundu litengenezwe mbele ya macho yake. Patron, ili apate wa kumlaumu, akamfukuza Liévin kabla bilauri hazijaoshwa.

Sisi hatukurudi. Tulianza kushona nyumbani kwangu, kwenye cité, mtaa wa sisi Waafrika, na wateja wakatufuata. Mkono wa Angélique ulichukua muda mrefu kupona, vidole vikakataa kukunjika. Mimi nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano, yeye anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, huku akinikemea kwamba ninatunga polepole.