Juu ya Ukungu

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeushika uwanja wa ndege barabara. Rubani msaidizi alikaza macho kupitia kioo cha mbele, lakini taa za njia ya kurukia ziliishia hapo karibu tu, kana kwamba zimemezwa. Kando yake alikaa kapteni, mtu mcheshi mwenye mvi ambaye marubani wenzake walimwita Babu.

"Mnara wa kuongozea ndege unasema kipimo cha umbali wa kuona kinaruhusu, ila kwa mbinde," Babu alisema. "Unaonaje, mwanangu?"

Nyuma yao abiria walishaanza kunung'unika. Msaidizi alitikisa kichwa. "Bado, Babu. Tusubiri."

"Basi tunasubiri." Babu akawatangazia abiria kwamba ukungu hauna haraka, na wao wasiwe nayo. Kicheko kikasikika nyuma ya mlango.

Baadaye taa zikaanza kujitokeza, moja baada ya nyingine, hadi njia yote ikaonekana.

"Sasa twende," alisema msaidizi, akashika usukani mwenyewe.

Ndege ikakimbia, ikainuka, na mabaki ya ukungu yakawafunika gubigubi. Kwa kitambo hakuona chochote ila vipimo vilivyokuwa mbele yake. Ghafla jua likawapiga usoni. Chini yao weupe ulitanda hadi upeo wa macho, na vilele vya milima vimechomoza juu yake, kimya, viking'aa.

Msaidizi alisahau hata kupumua. Alipomgeukia Babu, akidhani mwenzake ameshazoea, alimkuta naye ameduwaa, macho yamemlengalenga machozi.